Kifungu Kisicho na Jina

Alasiri ya tarehe 8 Juni, kila mwaka, mamilioni ya vijana wa China huketi katika vyumba vya mtihani na karatasi ya lugha ya kigeni mbele yao. Na kwa walio wengi kabisa lugha hiyo ni Kiingereza. Katika muda wa saa mbili, tangu saa tisa mpaka saa kumi na moja, hawana budi kusoma, kujaza mapengo na kuandika, na katika mikoa mingi kusikiliza pia. Mtihani huu huitwa gaokao, nao ndio mlango mkuu wa chuo. Mwaka wa 2024 walioandikishwa walikuwa 13,420,000.

Katika karatasi hiyo mna vifungu vinne vya habari vya kusomwa na kufahamiwa, na vyote vina jambo moja la ajabu ambalo kijana amelizoea hata halioni tena. Havina majina. Habari zenyewe aghalabu zimetolewa katika magazeti na vitabu vya nchi za kigeni, zikapunguzwa urefu na kulainishwa maneno ili zimfae mwanafunzi wa sekondari. Mwandishi hatajwi, na kichwa cha habari kimekatwa. Kisha, mara kwa mara, swali la mwisho humtaka mtahiniwa achague kichwa kinachoifaa habari ile miongoni mwa vichwa vinne vilivyoandikwa chini yake. Ni kama kumvua mtu kofia yake na kuificha, kisha kumwuliza mpita njia ni ipi katika kofia nne inayomfaa mtu yule.

Katika desturi hii ndogo ndimo lilimo jambo zima linalostahili kuangaliwa. Kufahamu habari ni kazi moja, na kulipata jibu lake ni kazi nyingine. Mara nyingi kazi hizi hufuatana kama mtu na kivuli chake, na ndiyo sababu watu hudhani ni kitu kimoja. Lakini kivuli huweza kurefushwa au kufupishwa kwa kuisogeza taa, ilhali mtu amesimama pale pale. Na kijana wa China hufundishwa muda wa miaka mitatu namna ya kuisogeza taa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kiingereza kina alama 150 katika jumla ya 750. Katika karatasi mpya inayotumiwa sasa na mikoa mingi, kusoma peke yake kuna alama 50: maswali 15 juu ya vifungu vinne vilivyokwisha tajwa, na maswali matano juu ya kifungu cha tano ambacho sentensi zake tano zimeng'olewa na kuchanganywa na mbili za uongo, ili mtahiniwa arudishe kila moja mahali pake. Kila swali lina alama mbili na nusu. Katika mkoa wa Henan, ambao katika miaka ya karibuni umekuwa na watahiniwa zaidi ya milioni moja kwa mwaka, alama moja tu huweza kukaliwa na maelfu ya vijana. Mwenye kukosa swali moja juu ya maisha ya nyuki au bei ya kuingia jumba la makumbusho huwa amepitwa na umati wa watu asiowajua. Asiyelikumbuka jambo hili atawalaumu bure walimu wa China, na lawama za namna hiyo zimekwisha kuwa nyingi.

Kiingereza hakikufika China kwa njia ya gaokao. Serikali ya kifalme ilikianzishia masomo mwaka wa 1862, baada ya kushindwa vitani na Waingereza na Wafaransa, ilipofungua chuo cha Tongwen Guan mjini Beijing ili kupata wakalimani wa kutumainiwa. Haukupita muda mrefu akatokea mtu wa ajabu kuliko wakalimani wote, jina lake Lin Shu. Huyu hakujua Kiingereza wala Kifaransa. Rafiki aliyeijua lugha aliketi karibu naye akimsimulia kitabu kwa mdomo, naye Lin Shu akaandika kwa Kichina cha kale, tena kwa haraka sana. Kwa njia hiyo alitoa vitabu zaidi ya mia moja, vingi vyavyo vya Rider Haggard, mtungaji yule yule ambaye wasomaji wa Kiswahili walimpata mwaka wa 1929 katika Mashimo ya Mfalme Sulemani. Makosa katika tafsiri za Lin Shu yalikuwa mengi, na wanachuoni wameyahesabu. Hata hivyo kitabu chake cha kwanza, kile cha Dumas mwana juu ya mwanamke wa Paris na maua yake, kiliwaliza wasomaji wa China waliokuwa hawajapata kumwona Mfaransa hata mmoja. Mtu asiyejua herufi ya lugha aliifahamu habari kiasi cha kuwatoa wengine machozi. Na leo yuko kijana ajuaye maneno 3,500 ya lugha hiyo ambaye hajapata kulizwa wala kuchekeshwa na habari hata moja iliyoandikwa kwayo.

Baada ya mwaka wa 1949 Kirusi kilishika nafasi ya mbele mashuleni, kisha Kiingereza kikarudi polepole, kisha mwaka wa 1966 mtihani wa kuingia vyuoni ukasimamishwa. Ulipofufuliwa Desemba 1977 lugha ya kigeni haikuwa lazima kwa watahiniwa wengi. Alama zake zilianza kuhesabiwa kidogo kidogo, mpaka mwaka wa 1983 zikahesabiwa kamili. Miongoni mwa vijana wa miaka ile alikuwamo Yu Minhong, mtoto wa shamba kutoka mkoa wa Jiangsu, ambaye alianguka mara mbili kwa sababu ya Kiingereza, akafaulu mara ya tatu mwaka wa 1980 na kuingia Chuo Kikuu cha Peking kusoma Kiingereza hicho hicho. Mwaka wa 1993 alianzisha New Oriental, ambayo ikawa kampuni kubwa ya kuwafundisha watu mitihani ya lugha. Haiwi mara nyingi kwamba aliyeumia mlangoni ndiye anayekuja kuuza funguo.

Basi kijana wa leo ameketi mbele ya kifungu. Ugumu wake ni wa namna gani?

Watu wengi watasema ni maneno. Ni kweli kwamba maneno humpa taabu, naye huyakabili kwa kitabu cha orodha kilichopangwa kwa utaratibu wa alfabeti. Wanafunzi wa China wana mzaha wao juu ya vitabu hivi: neno la kwanza lenye uzito ambalo macho hukutana nalo ni abandon, maana yake kuacha au kutelekeza, na wengi hulitii neno hilo siku ile ile. Wasiolitii huendelea, na katika orodha kila neno la Kiingereza limepewa maana moja au mbili za Kichina, kama mtu aliyeozwa mke kwa barua. Balaa huanzia hapo. Kijana aliyejifunza kwamba neno address ni anwani atafika katika habari ya mtu aliyesimama mbele ya umati na ku-address watu, naye atawaona watu wote wameandikiwa anwani. Watunga mitihani huwapenda maneno wa namna hii kama mvuvi anavyoipenda miamba. Humo ndimo samaki hujificha.

Lakini maneno si ugumu ulio mkubwa. Kamusi huwatosha. Ugumu mkubwa umo katika mwendo wa sentensi, na hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kumhurumia mwenzake wa China. Kwa Kiswahili husemwa, kitabu alichokinunua mzee. Kitabu hutangulia, habari zake hufuata, na silabi ndogo cho huelekeza kidole nyuma ili asiwepo wa kudhani kwamba kilichonunuliwa ni nyumba au mbuzi. Kiingereza nacho hutanguliza kitabu na kufuatisha habari zake, isipokuwa kidole chake ni kizito. Neno lile lile huelekea kitabu, nyumba, mbuzi na hata sentensi nzima iliyopita, na msomaji hana budi kukisia. Mchina hana desturi ya kuweka habari za kitu nyuma ya kitu. Yeye husema kwa mpango huu: mzee, nunua, kisha neno dogo de la kuunganisha, kisha kitabu. Habari zote hutangulia na mwenyewe huja mwisho, kama mfalme nyuma ya watumishi wake. Sentensi ikiwa fupi, kuigeuza si kazi. Lakini mwandishi wa gazeti la Kiingereza anapenda kutaja kitabu, akaeleza mzee aliyekinunua, akaeleza mto ambao mzee anakaa kando yake, akaeleza samaki waliokuwa wakivuliwa mtoni kabla ya viwanda kujengwa, ndipo akarudi kusema kitabu kilifanya nini. Kijana akishikilia kupanga upya kila kitu kwa mpango wa Kichina, hujikuta amebeba mto, samaki na viwanda mikononi akingojea mahali pa kuviweka. Ndiyo maana katika madarasa ya China huonekana karatasi zilizochorwa mabano na mistari: mwanafunzi ametenga matawi apate kuliona shina. Kazi hiyo ni ya heshima. Ni sarufi ya kweli, na mwenye kuifanya kwa subira hufahamu kitu ambacho Mwingereza mwenyewe hakijui juu ya lugha yake.

Liko jambo jingine lililo laini zaidi. Kiswahili husema, angalijua asingalikwenda. Na kutokana na ngali hiyo hata mtoto hufahamu kwamba mtu yule hakujua, naye alikwenda. Kiingereza huonyesha maana hiyo kwa kubadili wakati wa kitenzi. Vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa kufuata wakati. Maana hupatikana kutoka katika maneno mengine na katika habari nzima. Mwaka wa 1981 mwanachuoni wa Kimarekani Alfred Bloom alitoa kitabu kilichodai kwamba, kwa kuwa lugha yao haina alama hiyo, Wachina hupata taabu kufikiri juu ya mambo ambayo yangaliweza kuwa lakini hayakuwa. Alikuwa amewapa watu vifungu vya kusoma na kuwauliza maswali, nao walio wengi walikosa. Mwaka wa 1983 Terry Au alivitazama vifungu vile upya, akaonyesha kwamba Kichina chake kilikuwa kibaya. Habari ilipoandikwa kwa Kichina sahihi, wasomaji wa Kichina waliifahamu bila taabu. Kisa hiki chastahili kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya kutunga mitihani. Watu walihukumiwa kuwa hawawezi kufikiri, kumbe kilichokuwa hakifai ni kifungu.

Juu ya lugha kuna maisha. Kifungu cha kwanza cha mtihani kwa kawaida ni cha namna ya tangazo: saa za kufungua jumba la makumbusho, bei za safari ya mashua, masharti ya shindano. Kijana wa Shanghai amekwisha ingia majumba kadha wa kadha ya namna hiyo, na pengine amepanda ndege kwenda kuyaona ng'ambo. Kijana wa milima ya Gansu anayajua kutoka katika mitihani iliyopita. Wote wawili wanaulizwa ni safari ipi inayomfaa mtu mwenye watoto wawili na alasiri moja tu. Wa pili huweza kulipata jibu, maana jibu limo katika maandishi. Lakini mmoja anasoma jambo analolikumbuka na mwingine anasoma jambo analolihesabu. Wazee wa Afrika Mashariki waliokaa katika mitihani iliyotungwa Cambridge watalitambua jambo hili mara moja. Tofauti ni kwamba mitihani ile ililetwa na mtawala, na hii ya China imetungwa na Wachina wenyewe, kwa ajili ya watoto wao, wakiwa huru kuchagua habari wanayoitaka. Ziko sauti zinazotaka Kiingereza kipunguziwe cheo. Mwaka wa 2021 mjumbe mmoja wa Baraza la Mashauriano ya Kisiasa alipendekeza kisiwe tena somo kuu pamoja na Kichina na hesabu, na maneno yakawa mengi nchini. Cheo kimebaki.

Sasa utazamwe ufundi wa kuisogeza taa. Mwalimu humwambia kijana asianze kwa kusoma habari. Aanze kwa maswali, ili ajue anachokitafuta. Kisha atazame sentensi ya kwanza na ya mwisho ya kila aya. Aliandame neno lenye maana ya lakini, kwani mwandishi wa Kiingereza, wasema walimu, huuweka moyo wake nyuma ya lakini. Ajihadhari na jibu lenye maneno kama kamwe au pekee, maana dunia haina mambo mengi ya namna hiyo. Ajihadhari zaidi na jibu linalorudia maneno ya habari neno kwa neno, kwa sababu aghalabu ni chambo. Jibu la kweli huvaa nguo tofauti. Akikutana na neno asilolijua, asisimame.

Hakuna hata shauri moja katika haya lililo la uongo. Kijana anayeyafuata hupata alama ambazo asingalizipata, na mwalimu anayeyaficha kwa kupenda elimu safi huwa amemdhulumu mtoto wa maskini kwa ajili ya raha ya moyo wake mwenyewe. Hata hivyo mashauri haya yote yana shabaha moja, nayo ni kupunguza muda ambao kijana anakaa na maneno ya mtu mwingine. Humfundisha kuingia katika habari kama anayeingia nyumba inayowaka: achukue kinachohitajika, atoke. Mpe kijana huyo hadithi yenye kichwa na jina la mwandishi, isiyo na maswali mwishoni, na macho yake yatakwenda moja kwa moja chini ya ukurasa kutafuta herufi A, B, C na D.

Nchi ya China ilipata kuwa na mwalimu mkubwa wa kusoma aliyeliona jambo hili mapema sana. Zhu Xi, aliyeishi tangu 1130 hata 1200, aliwahimiza wanafunzi wake wasome kidogo, polepole, warudie tena na tena mpaka maneno ya kitabu yawe kama yanatoka vinywani mwao wenyewe. Wala hakuficha huzuni yake juu ya watu waliofungua vitabu kwa ajili ya mtihani wa serikali tu. Baada ya kufa kwake likatokea jambo ambalo hakuna adui aliyeweza kulibuni. Mwaka wa 1313 iliamriwa kwamba ufafanuzi wake wa vitabu vya Confucius na Mencius uwe ndio kipimo cha majibu katika mtihani ule, na ukabaki hivyo mpaka mtihani wenyewe ulipofutwa mwaka wa 1905. Karibu miaka mia sita vijana walimsoma mzee huyu kwa namna ile ile aliyoikataza.

Walakini usomaji wa Zhu Xi haukufa wote. Katika shule nyingi za China, asubuhi na mapema kabla ya vipindi kuanza, darasa zima hunguruma kwa sauti; kila mmoja anasoma kitabu chake, huyu Kichina, yule Kiingereza, wala hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kwa njia hii vizazi kadhaa vimehifadhi masomo ya vitabu vya L. G. Alexander, Mwingereza ambaye vitabu vyake vya mwaka wa 1967 vimepata China wasomaji wengi ajabu. Mgeni akipita dirishani hudhani ni kelele tupu. Huenda amekosea. Aliyeitamka sentensi ndefu mara thelathini, na kujua bila kufikiri mahali pa kuvuta pumzi, amekwisha fahamu ni wapi tawi linashikana na shina, ijapokuwa hajachora bano hata moja. Wenye mamlaka hubadili njia za ndege zisipite juu ya vyumba vya mtihani wakati wa sehemu ya kusikiliza. Wakati wa kusoma hakuna ndege wa kuzuiliwa. Kelele iliyobaki ni ile ya kichwani, na yule wa asubuhi humsaidia kuinyamazisha.

Si Kiingereza peke yake kinachosomwa hivi. Mwaka wa 2017, katika mkoa wa Zhejiang, karatasi ya Kichina ilikuwa na hadithi fupi ya Gong Gaofeng, iliyokwisha kwa mwanga wa ajabu katika jicho la samaki. Watahiniwa waliulizwa juu ya mwisho ule. Walipotoka walimtafuta mwandishi katika ukurasa wake wa intaneti, wakamjaza maswali: mwanga ule ulikuwa na maana gani? Naye hakuwa na jibu la kuwapa. Nchi nzima ilicheka, na ilikuwa na haki ya kucheka, lakini katika kicheko kile lilipita jambo ambalo wachache walilisimamia. Vijana wale walifanya siku ile kitendo ambacho hawakuwa wamekifanya kwa kifungu kingine chochote: walimtafuta mtu aliyeandika. Waliweza kumtafuta kwa sababu habari ya Kichina ilikuja na jina lake. Nyuki wa kifungu cha Kiingereza hawana mwenyewe, na kijana hawezi kumwendea mtu yeyote kumwuliza alitaka kusema nini.

Juhudi ya kutengeneza mambo ilitoka katika mkoa huo huo wa Zhejiang, mwaka mmoja kabla ya samaki yule. Oktoba 2016 mtahiniwa alipewa hadithi ya Kiingereza iliyokatwa katikati, akaambiwa aiendeleze kwa maneno 150 hivi, katika aya mbili ambazo sentensi zake za kwanza amekwisha andikiwa. Fikira hii ilikuwa imetetewa kwa muda mrefu na Wang Chuming, mwanachuoni wa Guangzhou, aliyeona kwamba mtu hujifunza lugha vizuri zaidi anaposoma kwa kusudi la kuendeleza alichokisoma. Hapa hakuna A wala B. Mtu aliyepotea msituni na mbwa wake amesimama mbele ya mto, na hatakwenda popote mpaka kijana wa China ampeleke. Ili kumpeleka hana budi kujua mtu huyu ni mwoga au shujaa, ampenda mbwa wake au amchukia, na mambo hayo hayakuulizwa katika swali lolote. Yamo katika habari, kwa aliyekaa nayo. Swali hili lina alama 25, na sasa limo katika karatasi za mikoa mingi.

Haukupita muda na ufundi ukalifikia swali hili pia. Vilitoka vitabu vya sentensi za kuhifadhiwa: machozi yanayotiririka mashavuni, moyo unaodunda kama ngoma, jua la jioni linalotandaza dhahabu juu ya nyasi. Kijana aliyezihifadhi humwongoza mtu wa msituni mpaka kwenye kumbatio na machozi, jua likichwa, hata kama mtu mwenyewe tangu mwanzo alikuwa mchekeshaji asiyelia. Karatasi husomwa na wasahihishaji katika vioo vya kompyuta, kwa haraka. Kwa hiyo na mwandiko nao umepata mafunzo yake. Yako maandishi ya duara, yaliyonyoka kama yamepigwa chapa, yanayoitwa kwa jina la Hengshui, mji wa mkoa wa Hebei ulio mashuhuri kwa shule yake, nayo yameenea nchini hata mikono ya vijana wa mikoa iliyo mbali mbali hufanana.

Pamoja na hayo yote, sentensi zilizohifadhiwa hazitoshi kujaza aya mbili. Mahali fulani katika ya pili ghala huisha. Saa ya ukutani imekaribia kumi na moja, mtu wa msituni bado yuko upande huu wa mto, na kijana hana budi kurudi juu ya ukurasa kutazama mbwa yule alielezwa kuwa na mguu upi mbovu. Safari hii hakuna swali lililomtuma. Anarudi kwa sababu mbwa lazima avuke.

Kengele ikilia karatasi hukusanywa, na vijana hutoka wakapokewa na mama zao, baadhi yao wamevaa qipao ya kuombea ushindi. Vifungu vyenyewe havipumziki. Vitapigwa chapa katika vitabu vya mitihani iliyopita, na katika mwezi wa Septemba vitafunguliwa na darasa jipya la vijana, wakiwa na kalamu za kuchora mabano. Nyuki watakuwamo, na bei za mashua, na mtu wa msituni na mbwa wake, na chini yao vichwa vinne vya kuchagua.